Ngozi Iliyochakaa: Kuitengeneza na Kuitia Nguvu Nyumbani

Mara nyingi katika kupita vijijini twaona mkanda mzuri wa ngozi umetupwa jaani, au viatu vimetundikwa darini viliwe na panya, na mwenyewe amekwisha nunua vingine vya bei rahisi ambavyo havitamaliza mwaka. Tukivichukua vile vilivyotupwa na kuvitazama vizuri, aghalabu twakuta kwamba ngozi yenyewe ingali nzima. Kilichokufa ni uzi, au tundu moja limeraruka, au ngozi imekauka kwa kukosa mafuta, na kazi ya jioni moja ingetosha kuvirudisha katika matumizi.

Wala hasara si ya fedha peke yake. Mkanda wa tumbo wa punda ukikatika mlimani, mzigo huanguka na mnyama huumia, na pengine mtu naye. Ukanda wa nira ukikatika katika juma la kwanza la mvua, maksai husimama, na mvua haimngoji mtu aende sokoni kutafuta ukanda mwingine. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jinsi kazi hii inavyofanywa kwa vyombo vinavyopatikana nyumbani, na sababu zake, kwa maana mtu ajuaye sababu hukumbuka kanuni bila kuambiwa mara mbili.

Kwanza yapasa kujua ngozi ni kitu gani. Nguo imefumwa kwa nyuzi zilizonyooka, lakini ngozi ni nyuzinyuzi ndogo mno zilizopindana na kushikana huku na huku. Ngozi mbichi ikikauka, nyuzinyuzi hizo hugandamana ikawa ngumu kama ubao, na ikilowa huoza. Kudabaghi ni kuitia dawa ambayo huingia kati ya nyuzinyuzi hizo na kuizuia isioze. Na dawa ya zamani ni magome ya miti yenye ukakasi, kama mikoko ya pwani au miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya. Baada ya dawa huja mafuta. Mafuta ndiyo yanayoziwezesha nyuzinyuzi kuteleza zinapokunjwa. Yakiisha, husuguana na kukatika moja moja, na huo ndio ufa tuuonao juu ya kiatu mahali panapokunjika. Basi mtu asitie sindano katika ngozi kavu. Akishona kabla ya kutia mafuta, tundu la sindano lenyewe litakuwa mwanzo wa ufa mpya.

Tena na atazame ni ngozi ya namna gani aliyo nayo, na njia nyepesi ni kutazama ukingo uliokatwa. Ukiwa na rangi ya hudhurungi mpaka ndani, aghalabu hiyo ni ngozi ya magome. Ukiwa na rangi ya samawati au kijivu katikati, hiyo imetiwa chumvi ya madini iitwayo kromu, njia iliyoenea baada ya Augustus Schultz kupata hataza yake huko Marekani mwaka 1884. Ngozi hiyo ni laini na yavumilia maji zaidi. Lakini ikiwa ukingo waonyesha kitambaa chini na utando mwembamba juu yake, hiyo si ngozi hata kidogo, ni nguo iliyopakwa plastiki. Siku hizi mikoba na viatu vingi sokoni ni vya namna hiyo, na vingine vimepigwa chapa ya mistari ili vifanane na ngozi ya mnyama. Utando ukianza kubanduka kama magamba, mafuta hayausaidii, kwa kuwa hayana mahali pa kuingia. Mtu asipoteze nta yake humo.

Adui mkubwa wa ngozi katika nyumba zetu ni jiko. Mtoto hurudi kutoka shule viatu vimelowa, na mama kwa huruma huviweka karibu na mafiga ili asubuhi viwe vikavu. Asubuhi ni vikavu kweli, lakini vimejikunja na kuwa vigumu. Sababu ni hii: ngozi ya magome iliyolowa huanza kusinyaa ikipata joto la nyuzi 70 au 80 hivi za sentigredi, na ngozi mbichi husinyaa hata chini ya hapo, kama nyuzi 60 na kitu. Maji ya chai yana joto kupita hilo. Nyuzinyuzi zikiisha kusinyaa kwa moto hazinyooki tena, hata mtu akizipaka chupa nzima ya mafuta. Kiatu kilicholowa na kijazwe karatasi au majani makavu, kiwekwe uvulini penye upepo, na karatasi zibadilishwe zikilowa. Siku mbili za uvuli ni bora kuliko saa moja ya moto. Juu ya bati jua la mchana nalo ni moto. Tusidanganyike kwa kuwa halina moshi.

Kazi yenyewe huanza kwa kusafisha. Vumbi na jasho hukaa katika mikunjo na kuikwaruza ngozi kila inapokunjwa. Piga brashi, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo sana, kisha kwa kitambaa cha maji matupu. Usitumie magadi wala maji ya majivu, kwa sababu huitoa ngozi dawa yake na kuifanya iwe na magamba. Penye koga, yaani ule ukungu mweupe au wa kijani unaoota masika, papigwe brashi nje ya nyumba ili vumbi lake lisirukie vitu vingine, kisha papanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji. Acha ngozi ikauke, lakini isikauke kabisa. Ikibaki na unyevu kidogo mafuta huingia vizuri zaidi.

Juu ya mafuta watu wana mashauri mengi, na mengine ni mabaya. Mafuta ya taa huondoa ukavu kwa siku moja, kisha huosha hata yale mafuta yaliyokuwamo. Oili chafu ya gari ina masizi na uchafu wa mtambo, huchafua nguo, na haifai kugusana na mwili wa mtu. Samli huvunda na kuwaita panya. Mafuta ya alizeti hugeuka kuwa ya kunata baada ya muda. Mafuta ya nazi ni mazuri pwani, lakini katika nchi za baridi huganda, kwa kuwa yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi hushikana, ndipo mtu aonapo weupe juu ya kiatu akadhani ni koga. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo, yafaa mahali pote.

Na yapo mafuta bora ambayo mtu aweza kuyapata bila kununua, siku ng'ombe anapochinjwa. Twaa miguu yake kuanzia goti kwenda chini, ondoa kwato, vunja mifupa, uchemshe polepole kwa saa kadhaa katika maji mengi. Yaache yapoe, uchote mafuta yanayoelea juu, uyachuje kwa kitambaa. Mafuta hayo hayagandi kama mafuta ya tumbo. Miguu ya mnyama hukaa katika baridi kuliko tumbo lake, kwa hiyo mafuta yake yameumbwa yabaki laini hata penye baridi. Mafundi wa matandiko ya farasi huko Uingereza waliyatumia tangu zamani, na hata sasa huuzwa kwa bei si haba. Nasi twayamwaga pamoja na supu.

Mafuta peke yake hulainisha, lakini hayazuii maji. Ndiyo sababu twashauri yachanganywe na nta, fungu moja la nta kwa mafungu matatu au manne ya mafuta. Wasomaji wetu wa Tabora hawana haja ya kuambiwa nta hupatikana wapi. Weka vyote katika kopo, na kopo lisimame ndani ya sufuria ya maji ya moto, lisiwekwe juu ya moto wenyewe, kwa maana mafuta hushika moto upesi, na nta huyeyuka kwa nyuzi 63 hivi tu. Koroga, uache ipoe iwe kama marhamu. Paka kidogo kwa vidole, usugue hata joto la mkono liipeleke ndani, uache usiku kucha, na asubuhi upanguse iliyobaki. Ngozi iliyokauka sana ipakwe mara mbili tatu kwa siku mbalimbali. Kulowesha mafuta siku moja ni kosa: ngozi hulegea ikanyooka kama mpira, na mshono hufunguka.

Sasa tuje katika kushona, ambako ndiko penye nguvu yote.

Mshono uliofunguka ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, kwa maana ngozi ni nzima na matundu yapo tayari. Ondoa uzi wa zamani wote, upite katika matundu yale yale. Usitoboe mengine katikati yake. Matundu yakikaribiana mno, umefanya kama karatasi ya stempu inayotobolewa ili ichanike. Kwa ngozi ya unene wa kati, matundu sita katika inchi moja yatosha. Kwa mkanda mnene matano. Na mstari wa mshono uwe mbali na ukingo kadiri ya thumni ya inchi au zaidi kidogo.

Chombo cha kutobolea ni msharasi. Asiye nao na anoe spoku ya baiskeli, aipigilie katika mpini wa mti, aipige nyundo nchani iwe bapa kidogo, kwa sababu tundu bapa hujifunga juu ya uzi na tundu la mviringo hubaki wazi. Uzi mzuri ni wa kitani au pamba nene iliyosokotwa. Uzi wa kuvulia samaki watu huupenda kwa kuwa haukatiki. Ni kweli haukatiki, lakini huikata ngozi, na fundo lake huteleza.

Twaa uzi mmoja, urefu wake mara nne ya mshono utakaoshona. Uvute juu ya kipande cha nta mara tatu nne hata uwe wa kunata, kisha tia sindano katika kila ncha. Sindano ziwe butu, kwa maana kazi ya kutoboa ni ya msharasi. Pitisha sindano moja katika tundu la kwanza hata uzi uwe sawa pande zote mbili. Katika tundu la pili, sindano ya kushoto ipite kwenda kulia, na sindano ya kulia ipite katika tundu lile lile kwenda kushoto, nawe uangalie isiuchome uzi uliokwisha pita. Vuta pande zote mbili pamoja, kwa nguvu iliyo sawa, hata uzi ulale ndani ya ngozi. Uendelee hivyo mpaka mwisho. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu mawili au matatu, ukate uzi karibu. Hakuna haja ya fundo, nta itaushika. Kisha gonga mshono kwa nyundo polepole uwe bapa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tujisumbue na sindano mbili, na cherehani ipo. Katika mshono wa cherehani uzi wa juu na uzi wa chini hushikana kwa kunasana katikati. Mmoja ukikatika, mwenzake hukosa pa kushika, na mshono hufunguka mbele na nyuma. Katika mshono wa sindano mbili kila tundu limepitwa na nyuzi mbili zinazojitegemea. Ukikatika uzi wa upande mmoja, wa pili wabaki kushika. Ndiyo sababu mikanda ya punda na farasi, ambayo maisha ya mtu huitegemea, hushonwa kwa mkono hata leo.

Ngozi iliyochanika yataka kiraka, na kiraka chataka ngozi ichaguliwe. Ngozi ya mgongo wa ng'ombe ni ngumu na hainyooki. Ya tumbo ni laini na huvutika. Kwa hiyo ukanda wa kubeba mzigo ukatwe kwa kufuata urefu wa mgongo, usikatwe tumboni, hata ikiwa kipande cha tumbo ndicho cha bei nafuu. Tazama pia upande wa nyama kama una mikato ya kisu cha mchunaji, na upande wa manyoya kama una kovu la chapa ya moto. Mahali hapo patakatika kwanza. Kunja kipande kwa nguvu, upande wa manyoya ukiwa nje. Kikitoa mipasuko midogo mingi, ama kimekauka ama kilioza kabla hakijadabaghiwa, kama inavyotokea kwa ngozi iliyoanikwa chini juani, ambayo hukauka juu na kuoza ndani.

Kabla ya kubandika, toboa tundu dogo la mviringo mwisho kabisa wa ule mpasuko. Mpasuko huendelea kwa kuwa nguvu yote hukusanyika katika ncha yake kali. Ikiwa ncha ni mviringo nguvu hutawanyika, na mpasuko husimama. Kata kiraka kipite mpasuko nusu inchi kila upande, pembe zake uzizungushe, na kingo zake uzipunguze unene kwa kisu kikali kutoka upande wa nyama hata ziwe nyembamba kama jani. Kiraka chenye ukingo mnene huifanya ngozi ikunjike mahali pamoja, na mwaka ujao itakatika hapo hapo. Kiwekwe ndani, kikwaruzwe kwa msasa pamoja na mahali kitakapokaa, kipakwe gundi ya viatu pande zote mbili, uache gundi hata isishike kidole, ndipo ubandike na kugonga. Kazi hii ifanywe nje au penye madirisha wazi, mbali na taa na jiko, kwa kuwa mvuke wa gundi hiyo hushika moto na huumiza kichwa. Na kopo lake lifichwe mbali na watoto. Tena jambo moja: gundi haishiki penye mafuta. Katika kazi ya kiraka, mahali pa kubandika pabaki bila marhamu hata gundi imekauka. Na gundi ni msaidizi wa uzi tu. Kiraka kisichoshonwa tumekiona mara nyingi kikibaki njiani katika tope.

Mkanda hufa mahali pawili, kwenye bizimu na kwenye tundu linalotumika kila siku. Kwenye bizimu, kata sehemu iliyochakaa, kunja upya na kushona. Mkanda utapungua inchi mbili, lakini utakuwa mzima. Ikiwa haukubali kupungua, shonea ndani kipande cha ngozi ya mgongo chenye urefu wa shibiri moja, ndipo utoboe matundu mapya katika unene wa ngozi mbili. Msumari wa chuma usitumike mahali pa uzi. Chuma kikilowa ndani ya ngozi ya magome hutoa weusi, na ngozi iliyokizunguka huwa dhaifu. Msumari wa shaba ni afadhali, ingawa nao huota kutu ya kijani penye mafuta, na yafaa kuipangusa.

Weusi huo wa chuma, hata hivyo, una faida yake. Tia misumari ya zamani katika siki, uiache kwa juma moja katika chupa isiyozibwa sana, kwa maana hutoa hewa inayoweza kuivunja. Maji yake yakipakwa juu ya ngozi ya magome huigeuza nyeusi papo hapo, na rangi hiyo haitoki kwa mvua. Suuza kwa maji, ukipaka marhamu baadaye. Ngozi ya kromu haigeuki hivyo, na mtu asishangae.

Viatu vina shauri lake. Kisigino kikianza kuliwa upande mmoja, kitengenezwe mapema, kabla ya kiatu chenyewe kupinda, kwa kuwa kiatu kilichopinda hupasua mshono wa upande wa pili. Kipande cha gurudumu la gari, kile kile wanachotengenezea makatambuga, ni soli nzuri. Lakini kwa makubazi ya pwani ni kizito mno, na gidamu hung'oka. Hapo afadhali ngozi ya mgongo.

Na ikiwa pampu ya baiskeli imekataa kutoa upepo, usiitupe kabla ya kuifungua. Katika pampu nyingi mwisho wa fimbo yake mna kikombe kidogo cha ngozi, ambacho kikikauka husinyaa kikaacha upepo upite pembeni. Kiloweshe katika mafuta ya mbarika usiku mmoja, utanue ukingo wake kwa kidole, ukirudishe. Dawa hii yachukua dakika tano, na tumeona walimu wakitembea maili kumi kwa kutoijua.

Imebaki ngozi isiyotengenezeka. Kwaruza ukingo kwa ukucha: ukitoka unga mwekundu kama wa ugoro, nyuzinyuzi zimekwisha kuoza, na kila tundu la msharasi litaongeza uharibifu. Mafuta nayo huifanya nyeusi tu. Ngozi ya namna hiyo yaweza kubaki kama mkoba wa vitabu unaotundikwa ukutani, lakini isiwe tena mkanda wa punda, wala ukanda wa nira, wala mshipi wa mtu apandaye mnazi. Ondoa bizimu na pete zake, uzisugue kwa majivu, uzitie katika kopo la vyombo vya kazi.